Unene wa Ukucha

Ramani waliileta imekunjwa mara nne.
Pale mikunjo ilipokutana palitoboka,
na ndani ya tundu hilo
ndimo kilimokuwa kitongoji chetu.

Mimi Tusekile, mwalimu wa darasa la pili,
miaka kumi na tisa ya vumbi la chaki kifuani,
niliitwa kamatini kwa sababu, walisema,
nina mwandiko mzuri.

Nikapewa rula na kalamu nyekundu.
Shule ya Juu: watoto thelathini na wanane kwa darasa,
vioo madirishani.
Shule ya Barabarani, ng'ambo ya lami: mia moja arobaini na mmoja,
wa nyuma husoma ubao kwa kumuuliza wa mbele.
"Chora mpaka," wakasema. "Wagawe sawasawa."

Sawasawa.
Hapa Uyole nimepima viazi kwa debe tangu utoto,
najua lumbesa inamnenepesha nani.
Watoto sikuwahi kuwapima.

Rula ilisema: hadi Barabarani, mita mia tisa.
Hadi Juu, kilomita tatu na kidogo, mlima mtupu.
Lakini rula haivuki lami.
Haijasimama pale saa kumi na mbili na robo, Julai,
ukungu umelala njiani kama ng'ombe mkaidi,
lori la Tunduma linashuka, breki zinalia,
na mtoto kamshika mdogo wake mkono, anasikiliza:
hilo limepita,
je, nyuma yake?

"Basi," akasema mwenyekiti, "tukodi basi."
Tukacheka kidogo. Kisha hakuna aliyecheka.
Dizeli ya nani? Na masika, utelezi ule?
Mama Anyandwile akasimama, mikono bado ina udongo:
"Likiharibika Jumatano,
Alhamisi mwanangu ni wa shule gani?"
Na mzazi wa Juu, Kihwele, mtu mpole, akasema taratibu
hawakatai mtoto wa mtu,
ila vyoo ni matundu sita.
Nilitaka kumchukia. Nilikuwa nimevihesabu mwenyewe. Ni sita.

Usiku nikaendelea na ramani mezani, karibu na jiko la mkaa.
Mstari ulishuka vizuri kutoka kwenye tangi la maji,
ukakata shamba la pareto,
ukafika kwa dada yangu, anakolala Ambwene,
miaka saba, kifua chake hakipendi baridi,
na masikio yake hayasikii vizuri.
Kalamu ikapinda.
Nasema ikapinda, kama vile haikuwa na mkono.
Unene wa ukucha tu.
Juu ziliobaki nafasi chache; kwenye ramani ile
ukucha uliingiza nyumba moja
ukatoa kumi na moja.

Alfajiri nikaenda kwenye zile kumi na moja.
Nikamwomba Subilaga, binti wa fundi baiskeli,
anionyeshe mwendo wake hadi Juu.
Hatua elfu tano na mia moja na kitu;
nilipotewa na hesabu alipovua kiatu kutoa kokoto.
Hakulalamika. Aliuliza swali moja:
"Mwalimu, kule kuna uji?"

Wino mwekundu haufutiki.
Jumatatu, ofisi ya kata, waliposoma mpaka nikanyoosha mkono:
"Huo mpindo ni wangu. Sababu yake inaitwa Ambwene."
Kimya. Mtu akakohoa.
Afisa akabandika karatasi nyeupe juu ya kosa langu,
akanirudishia rula.

Mstari wa sasa nao si sawa.
Nyumba nne zimebaki upande ambao hakuna
angeuchagua, nazijua kwa majina,
na basi bado ni neno la kufungulia vikao.

Ambwene anavuka sasa, na wenzake ishirini na tatu.
Saa kumi na mbili na robo nasimama kwenye bega la lami,
kipande cha khanga nyekundu kimefungwa kwenye fimbo.
Lori likisimama,
yeye huwa wa mwisho kunyanyua mguu.
Hunitazama kwanza mdomo.
Nami namwambia, bila sauti: sasa.