Vidole Sita

Alikaa ndani ya chupa pana, juu ya kabati la maabara,
kati ya mjusi mwenye mimba na figo la ng'ombe,
mweupe kama kiazi kilichomenywa kikasahauliwa.
Karatasi ya jina ililiwa na mende.
Sisi wa Isongole, ambao maji tunayoyajua hutoka juu,
miezi tisa kwa mwaka, bila kuomba ruhusa,
tulimwita Mgeni.

Mwalimu Andongolile alimshusha siku ya Jumanne,
ukungu umeingia darasani kama mwanafunzi mchelewaji.
Msidanganyike na weupe huu, akasema,
ni dawa iliyomfua. Alipokuwa hai alikuwa mwekundu,
wekundu wa pilipili iliyoiva ikapitiliza,
na mapezi yake ya kifuani, akiyakunjua,
mapana kama kanga inayoanuliwa mvua ikija,
yalikuwa na buluu ukingoni, na madoa ya kijani.
Akatafuta chaki. Nyekundu ilikuwepo, kipande.
Buluu hakuna. Akaomba wino wa kalamu ya Tusajigwe,
akaupaka ubaoni kwa kidole,
na kidole kile kikabaki buluu mpaka Ijumaa.

Kichwa chake ni mfupa mtupu, kofia ya mjenzi.
Haogelei sana huyu; anatembea.
Tazameni hapa, chini ya pezi: miiba mitatu kulia,
mitatu kushoto, imejitenga na wenzake,
laini, inakunjika. Hivi ni vidole.
Anatembea navyo juu ya tope la bahari, taratibu,
kama mtu anayetafuta sindano gizani,
na kila kinapogusa, kinaonja.
Kinaonja! Ndimi sita, miguu sita, kitu kimoja.
Kaa aliyejifukia, kamba mdogo, mnyoo:
hajamwona bado, ameshaujua utamu wake.

Mvua ikapiga bati. Mwalimu akapaza sauti, haikufika.
Tukasoma midomo: samaki huyu hunguruma,
ana kibofu cha hewa tumboni,
misuli hukipiga kama ngozi ya ngoma.
Kisha yeye mwenyewe, na tai yake, na koti lake la harusi,
akakoroma: krrru, krrru,
na mvua, sijui kwa nini, ikapungua kidogo.
Ambakisye alicheka mpaka akatolewa nje.

Nikauliza: rangi yote hiyo ya nini, huko chini?
Akafikiri. Akafuta miwani.
Mwanga mwekundu, akasema, ndio wa kwanza kufa majini.
Ukishuka kidogo tu, umekwisha.
Aliyevaa nyekundu kule
amevaa giza.
Nikaandika, nikapigia mstari mara mbili.

Jioni nilimkuta Bibi Sekela shambani,
macho yake yana ukungu ambao jua haliuondoi.
Alikuwa anavuna viazi bila jembe;
jembe lingevikata, naye asingeona.
Vidole vyake vilitangulia ndani ya tuta, vikitembea,
vikisimama, vikiuliza.
Hiki kimeoza. Hiki bado mtoto, kilale.
Hiki, njoo.

Nikamsimulia Mgeni wote: kichwa cha mfupa,
ngoma ya tumboni, kuonja kwa miguu.
Hakushangaa hata kidogo.
"Wa rangi gani?"
Mwekundu, bibi. Ila huko aliko hakuna anayeuona wekundu wake.
"Hata mwenyewe?"
Sikujua. Mwalimu hakusema.

Akachomoa kiazi, akakifuta udongo kwa pindo la kitenge,
akakiinua kuelekea upande nisiokuwepo,
kimojawapo cha vile vyetu vya ganda jekundu,
kingali na baridi ya chini.
"Na hiki," akasema, "kilijipaka kwa ajili ya nani?"

Akakitia ndooni.
Akaurudisha mkono ardhini.