Kaya ya Mia Mbili Arobaini na Moja

Swali la kwanza: jina la mkuu wa kaya.
"Aciro," akasema, kisha akacheka.
"Lakini mkuu ni huyu mwenye kikohozi.
Akiamka yeye, tumeamka sote."
Nikaandika Aciro.
Dodoso halina kisanduku cha kicheko.

Kiswahili chake cha soko la Elegu,
changu cha Kasese, cha ghala la kahawa;
tulikutana katikati, tukasalimiana upya.

Juu yetu nyaya zinavuma.
Zatoka Karuma, Nili inakoporomoshwa,
zapita juu ya mtama wake, juu ya choo,
juu ya kaburi la mama mkwe,
zashika njia ya kusini bila hata hodi.
Siku za manyunyu hulia kama nyuki waliochokozwa,
na kuku hawalali upande ule.
Swali la sita: je, kaya imeunganishwa na gridi?
Nikatazama juu. Naye akatazama juu.
Nikaweka alama: La.

Swali la tisa: saa za kutafuta kuni, kwa wiki.
"Saa sizijui.
Nikitoka, umande upo.
Nikirudi, nimeshasahau kwamba kulikuwa na umande."
Kuni zilikuwa nyuma ya nyumba, alisema,
kisha nyuma ya shule, kisha ng'ambo ya kijito,
na siku hizi kijito chenyewe
kimekwenda kutafuta maji.
Nikakadiria, nikajumlisha: kumi na saba.
Namba ikakaa kwenye jedwali
kama mgeni aliyepewa kiti kibovu.

Mvua je?
"Ya Machi ilikuja Mei,
ikaondoka ufuta haujafunga mbegu.
Nyinyi mliosoma mnaiitaje?"
Nikamwambia: mabadiliko ya tabianchi.
Akalitafuna neno, akalimeza,
akasema halishibishi.

Hapo kishikwambi kikazima.
Mtoto mkubwa akakikimbiza kwa mwenye sola, senta,
shilingi mia tano, foleni ya simu kumi na mbili.
Tukabaki wawili, bila maswali yangu.
Ndipo akaanza yake.

"Na wewe, huko Kampala, unapikia nini?"

Ningesema gesi. Mtungi ninao,
umevaa vumbi tangu bei ipande.
Sura ya pili ya tasnifu yangu inausifu sana.
"Mkaa," nikasema.
"Gunia moja, mwezi na nusu, kwa Nalwoga wa Kikoni."

"Ukiugonga, unalia kama kigae?"

"Unalia."

"Hauruki cheche? Unakaa na moto mpaka maharage yaive?"

"Mpaka yaive."

"Basi huo ni yaa," akasema,
bila hasira, kama mtu amtambuaye
mtoto wa jirani kwenye picha ya harusi ya mbali.
"Miaka ishirini kuzaa karanga zake za mafuta.
Tanuri, siku tisa.
Wa mwisho aliukata mume wangu,
ada ya shule ya huyo uliyemtuma.
Lori lilikuja usiku. Halikuwasha taa."

Moto huzaa majivu, wanasema.
Sikujua majivu yangu yana kwao.

Mtoto akarudi, asilimia kumi na nne.
Tukamaliza haraka, kabla kioo hakijafa tena:
sabuni, redio, koroboi, kikohozi (ndiyo, siku ngapi?).
Akanifungia viazi viwili kwenye jani. Sikuwa na fomu ya kuvipokea.

Dakta Tibenderana ataniuliza ukubwa wa sampuli.
Nitajibu: kaya mia mbili na arobaini,
zimechaguliwa bila upendeleo.

Usiku, Kikoni, umeme umekatika.
Sigiri yangu inang'aa mlangoni, nzuri, haitoi moshi.
Nafungua dodoso jipya.
Mkuu wa kaya: Kabugho.
Idadi ya watu: mmoja.
Imeunganishwa na gridi: ndiyo, ikipenda.
Swali la tisa, saa za kutafuta kuni kwa wiki:
sifuri.

Nafuta. Naandika tena:
sifuri,
na pembeni, pasipo na kisanduku,
ananitafutia Aciro.