Spoki Moja

Fundi Elirehema, nimekurudishia gurudumu lako.
Nimelisugua kwa mafuta ya taa, nimelikausha kwa shati,
lakini nisikufiche: spoki moja imebaki Uholanzi.

Usiniulize kwanza nilikuwa wa ngapi.
Wameshauliza wote, tangu stendi.
Mama Ndeshi wa ndizi, pale Kiboriloni, aliuliza kabla ya salamu.
Ana haki. Elfu ishirini yake imo daftarini,
mstari wa tisa, chini ya mchango wa kwaya.
Nikamwambia, "Tulianza watu mia na themanini."
Akasema, "Sijauliza mlioanza."

Wewe ulisema mtoto wa Mweka haogopi barabara.
Kweli, mlima naujua kama ngazi za kwetu gizani.
Najua lami inapochakaa baada ya kanisa,
kona wanapolala mbuzi wa Kileo,
najua kupumua kwa hesabu, pedali nne pumzi moja,
migomba ikinitazama pande zote.
Kupanda ni ugomvi wa watu wawili, mimi na paja langu,
na tumezoea kupatana juu.

Kule hakuna juu.
Nchi imelala kama shuka lililopigwa pasi.
Nikacheka moyoni: leo watanitambua!
Hakuna aliyenionya kuhusu upepo.

Upepo ule hauna kilele, fundi.
Huwezi kujidanganya kwamba zimebaki kona mbili.
Unakupiga ubavuni, na wenzangu wanaujua tangu utotoni:
wakajipanga mshazari, bega nyuma ya bega,
kila mmoja kwenye kinga ya mwenzake,
na barabara ikaisha kabla ya zamu yangu.
Nikabaki ukingoni, tairi likilamba majani,
nikigombea upana wa kiganja.

Kilomita ya sitini na moja: tik.
Sauti ndogo, njiti ya kiberiti ikivunjika.
Gurudumu likaanza kulewa.
Nikalegeza breki ya nyuma kama ulivyonifundisha,
nikaendelea peke yangu kilomita kumi na tisa.
Sijui kwa nini.
Najua. Nilikuwa nasoma daftari.
Hii ya Mama Ndeshi. Hii ya kwaya.
Hii ya Mwalimu Aikaruwa, aliyetoa elfu tano asubuhi
akarudi jioni kuongeza mbili.
Hii ya baba, aliyesema baiskeli ni ya kubebea majani ya ng'ombe,
kisha akauza kahawa yake bila kuniambia.

Nyuma yangu lilikuja gari la ufagio,
lile linalozoa walioshindwa.
Dereva wake, mama wa makamo mwenye mashavu mekundu,
hakupiga honi hata mara moja.
Alinifuata polepole, kama mtu anayesindikiza mgeni,
mpaka nikasimama mwenyewe.
Akanipa supu ya njegere kwenye kifuniko cha chupa,
nzito, kijiko kingesimama. Nikakumbuka mtori.
Mle ndani tulikuwa wanne. Mmoja alikuwa analia,
mmoja amelala mdomo wazi.
Hakuna aliyeuliza wa ngapi.
Yule mama akanibandua namba mgongoni, akaikunja,
akanipa kwa mikono miwili,
na hapo ndipo mimi pia, fundi, nililia kidogo.

Husemi kitu.
Unalitundika gurudumu, unalizungusha,
unalisikiliza kama daktari wa KCMC.
"Ulilegeza breki?"
Nililegeza.
"Ukaenda kumi na tisa na pengo hili?"
Kumi na tisa.
Unazungusha tena. Muda mrefu.
Kisha unaingiza mkono kwenye kopo la maziwa,
unachakura, unatoa spoki, unaipima kwa jicho moja.
"Hii elfu moja," unasema. "Sina chenji.
Iandike daftarini."