Kwa Penseli

Wouter ametandaza ramani juu ya meza ya jikoni,
akaibana pembe nne: chupa ya siki, kisu cha siagi,
kikombe changu, na kopo la biskuti la marehemu mama yake.
Nje, mvua ya Gent inafanya kazi yake ya kila siku.
"Safari hii," asema, "wino marufuku."
Ananipa penseli aliyoichonga kwa kisu cha viazi.

Agosti iliyopita kila kitu kilikuwa kwa wino:
saa, kiti cha dirishani, hoteli iliyokwisha kulipiwa.
Kisha ule ubao mkubwa kwenye uwanja wa ndege
ukaanza kuwa mwekundu, mstari baada ya mstari,
kama upele unaompanda mtoto mgongoni.
Mgomo, walisema. Kisha radi. Kisha hawakusema.
Tulilala sakafuni siku mbili, karibu na mashine ya kahawa
iliyokoroma kumshinda Wouter,
na Fenne akajifungua Ljubljana bila sisi.
Mjukuu tulimwona kwenye simu yenye chaji asilimia tatu:
sikio moja, ngumi,
giza.

Jirani yetu Godelieve anatucheka.
Kwa ndege ni saa moja na nusu tu!
Ni kweli. Saa moja na nusu, na siku mbili za sakafu.

Basi, treni. Tuseme Jumanne.
Au Jumatano, goti lake likiamka na kisirani.
Gent, Brussels, Köln. Hapo Köln ameandika pembeni:
"Kuchelewa, saa mbili. Supu ya dengu."
Amekuandalia chakula, ewe ucheleweshaji,
kama mgeni asiyebisha hodi ambaye tumeshamzoea.
Ikikatika njia ya Munich, tutazunguka.
Ikikatika ya kuzunguka, tutalala tulipo;
kila mji una kitanda, na mwoka mikate anayeamka mapema.

Hapa Villach, chini ya milima, nimeacha siku moja tupu.
Wouter anaitazama nafasi ile kama jino lililong'oka.
Miaka thelathini na minne alipanga zamu za tramu za mji huu,
dakika kwa dakika; utupu unamwasha vidole.
"Tutafanya nini hapo?"
"Sijui."
"Hujui?"
"Ndiyo maana."
Mipango si matumizi, lakini yeye hata utupu
angependa kuukatia tiketi.

Usiku nimesikia kiti kikiburuzwa.
Nikafikiri: basi, anaijaza, na siku yangu imekwenda.
Asubuhi nikakuta vumbi la ufutio limetapakaa
toka Salzburg hadi kwenye chupa ya siki.
Villach ipo vilevile, tupu.
Alichofuta ni siku ya kurudi.

Sikumwuliza. Nilipangusa meza kwa kiganja,
nikachemsha maji.

Fenne alipopiga simu, mtoto alikuwa nyuma yake
ameshika mguu wa kiti, anajaribu kusimama,
anakaa kwa kishindo, anajaribu tena.
"Sasa baba, mnafika lini? Nataka kuandika kwenye kalenda."
Wouter alinitazama. Akaokota penseli,
akaichomeka nyuma ya sikio.

"Andika," akasema, "ila usikandamize sana."