Ngozi ya Podo

Nimetoka Ukonga na mshale mmoja ndani ya mwavuli,
nimeuvua chembe, nisije nikasimamishwa pale Karume
nikaulizwa, mama mzima, mjini hapa unawinda nini.
Ni mshale wa kupimia tu.

Mingine minane nimeiacha nyumbani
kwenye kipande cha bomba la maji machafu
nilichokikata kwa msumeno wa jirani,
mdomo nikauvisha soksi.
Kila nikipiga hatua inagongana mle ndani
kama meno ya mtu mwenye homa.
Mjomba Ntandu alikuwa akisema
podo lenye kelele linamtajia swala jina lako.
Mimi swala simjui. Nalenga gunia la pumba
nyuma ya maabara ya shule, kila Jumapili,
na bado naona haya gunia linisikie nikija.

Gerezani, kichochoro cha watu wa soli.
Gundi inanipanda puani kabla sijasema hodi.
Kijana anaitwa Hizza, kalamu sikioni,
ananikunjulia ya kwanza: nyeusi, inang'aa
kama kioo cha saluni.
Nainusa. Inanuka ndoo mpya.
Naikunja, na mkunjo unapasuka mweupe.
"Hiyo ya mikoba," anasema, wala hapepesi jicho.

Ya pili ya kondoo. Laini,
inalala mkononi kama khanga ya uzazi wa kwanza.
Hii mishale itaitoboa kabla ya Idi.
Nairudisha polepole, vidole havitaki.

Ya tatu anaitoa chini kabisa, chini ya maboksi.
Ng'ombe wa Vingunguti, akaloweshwa siku nyingi
kwenye maji ya magome ya mkoko,
akatoka na rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni.
Hizza anaigonga kwa ukucha. Ngozi inajibu.
"Hapa shingo, ona mikunjo. Huku tumbo;
tumbo halina msimamo, utashona leo, mwezi ujao limelegea.
Chukua mgongo."
Mgongoni pana kovu, refu kama kiberiti,
waya au pembe ya mwenziwe, nani ajuaye.
"Elfu thelathini na tano. Kwa hilo kovu, thelathini na tatu."
Nina ishirini na sita, na nauli.

Nikatoa kielelezo, nimekikata kwenye kalenda ya Saccos,
Machi na Aprili ndio ubavu wa podo.
Akakilaza, akakigeuza, akakuna kidevu.
"Ya chupa? Ya zumari?"
"Ya mwavuli," nikasema.
Akautazama mwavuli wangu.
"Mwavuli wako, mama, umeota manyoya ya kanga."

Tulicheka hadi jirani akaacha kugonga visigino
akaja kuuliza kulikoni. Ikabidi niseme yote,
mjomba, bomba, soksi, gunia.
Wakanyamaza kidogo.
Jirani akaushika mshale, akaufumba jicho moja
kama fundi anayekagua ubao, akasema umenyooka.

Bei haikushuka kwa hadithi. Niseme kweli.
Ilishuka kwa sababu Hizza alikihamisha kielelezo
kikapita kando ya paja, kovu likaingia ndani,
na yeye akabakiwa na mgongo safi wa kumuuzia mtu wa mikanda.
Ishirini na nne. Kisu kikapita mara moja bila kuinuka,
na sauti yake, ile ya kitu kinene kukubali,
nimerudi nayo hadi Ukonga.
Akanitupia na kichele cha kitako, bure.

Eliwaza kafungua mlango: "Nani kaingiza ng'ombe ndani?"
Nikaiviringisha, nikaifunga kwa kamba ya kiatu,
nikautumbukiza mshale.
Kimya. Kama hatua ya mtu kwenye vumbi.

Usiku kamba ilifunguka.
Niliisikia ngozi ikijikunjua sakafuni, taratibu,
ikitafuta umbo lake la zamani.
Nikaiacha. Kesho ni sindano ya magunia na nta,
na kesho yake vidole vyangu vitauma.