Taulo ya Kumi na Sita

Kila kitanda kina jozi tatu za mashuka:
moja imelaliwa, moja imo majini,
moja kabatini inamngoja mtu
ambaye bado yuko angani, hajui hata Rau ni wapi.
Huo ndio mzunguko. Mvua ya Aprili ikiukata
ni mimi ninayesimama na pasi saa nane za usiku,
nakausha foronya kwa moto na kwa sala,
na umeme nao unanitania.

Elinami, mwenye nyumba, yuko Dodoma.
Anahesabu kwa simu. "Ndeshi, taulo ngapi?"
Kumi na tano. "Kubwa?" Kubwa.
"Nyeupe?" Nyeupe, kaka, kama ulivyotaka.
Nani alimwambia kwamba mtu aliyeshuka mlimani
baada ya siku sita apewe kitu cheupe,
sijui.

Wageni hawaniambii kitu. Mashuka huniambia.
Huyu amelalia ukingo tu,
mto wa pili haukuguswa, na wamelipia watu wawili.
Huyu katokwa na damu puani, hewa ya huko juu ni nyembamba.
Damu ni maji ya baridi, usisahau, ya baridi;
ukiipeleka kwenye moto inang'ang'ania kama deni.
Wanja ni sabuni ya mche, usugue kwa kidole.
Mafuta ya jua yanajificha wiki nzima,
kisha yanatokea, manjano, ukishakunja.
Na lile vumbi la kambi ya Barafu, jeusi, laini kama poda,
liloweke usiku kucha
wala usilibembeleze.

Yule mgumu alikuja na begi la mgeni kichwani,
Jumanne moja ya Novemba. Begi lilifunikwa nailoni.
Yeye hakufunikwa na kitu.
Alisimama getini, maji yanamchuruzika kidevuni,
akauliza aliweke wapi asije akalowesha sakafu.
Mkononi nilikuwa na taulo iliyotoka kwenye pasi, bado ya moto.
Sikufikiri. Au nilifikiri, nikampa.
Akaufukia uso humo, muda mrefu
kuliko uso unavyohitaji.
Gari la kampuni likapiga honi,
akakimbia nayo shingoni.

"Kumi na nne?" alisema Elinami.
"Taulo haina miguu, Ndeshi."
Elfu kumi na nane zikakatwa kwenye mshahara,
na bado pengo ni langu kuliziba.
Jumamosi nikaenda Memorial, nikachambua marobota
hadi nikapata inayofanana. Pindoni tu
ina uzi mmoja wa buluu, ukitazama sana.
Elinami hatazami. Anahesabu.

Wiki ya tano, mlima uko wazi tangu alfajiri,
mama mmoja kagonga geti, mtoto mgongoni,
mfuko wa rambo mkononi.
"Kanituma baba wa huyu. Kapanda tena jana."
Ndani, taulo.
Imekunjwa mara nne, si mara tatu kama zangu,
kona juu ya kona, kama barua,
nyeupe kuliko zote kumi na tano.
Nikamuuliza ameifulia nini.
"Majivu ya maganda ya ndizi, dada. Kwani wewe?"
Nikaisukuma chupa ya jiki kwa kisigino
nyuma ya ndoo.

Sasa Dodoma inasema kumi na tano
na ni kweli. Ya kumi na sita
haimo kabatini. Nimeitundika kwenye msumari
ndani ya geti, chini ya kibati, pasipofika manyunyu.
Jana mgeni aliiona, akanyoosha mkono.
Nikamwambia hiyo si ya chumba.
Akauliza, ya nani basi?
Nikaenda kumletea nyingine, ya Elinami,
yenye uzi wa buluu.