Habari Imechafuka

Mizani ya Shimanzi hupima malori, si beti.
Nalisema mapema, maana jina la kazi yangu
huwachekesha watu: karani wa mizani, zamu ya usiku.
Tani ishirini na nane za magadi, gonga muhuri, pita.

Alfajiri Umazi huja na chupa yake ya chai.
Tuna dakika kumi: funguo, daftari,
"yule wa tela la buluu ni mkorofi,"
kisha mmoja huondoka.
Mezani hubaki gazeti la Jumamosi
na penseli iliyotafunwa na watu wawili.

Chemshabongo moja, mchana wake, usiku wangu.
Mimi nilizoea maswali manyoofu, ndege gani, mji gani.
Yeye ndiye aliyenifunza kukitazama kitenzi.
*Ukiona korogwa, lewa, mwagika,* aliandika pembeni,
*usilisikilize neno. Lipekue mifuko.*

Farasi amelewa, bado aenda mbali: SAFARI.
Habari imechafuka, imejaa chumvi: BAHARI.
Sukari ukiikoroga utamwona mrembo.
KISURA, nikaandika, halafu nikakoroga chai
nikichungulia kikombeni kama mjinga.
Umati umetawanyika, hakuna atakayeikwepa.
Hiyo nilimwachia. Jibu nalijua,
ila saa tisa za usiku haliandikiki.

Tuligombana mara moja, kwa maandishi.
Mali iliyomwagika barabarani, herufi nne.
Nikatia MILA kwa nguvu, karatasi ikatoboka.
Jioni nikakuta imefutwa: LAMI,
na chini yake, *Umeiacha barabara.*
Nikamjibu, *Kwetu mali ndiyo mila.*
Akajibu, *Basi lima.*
Nilicheka peke yangu mbele ya lori la simenti,
dereva akadhani namcheka yeye.

Jina lake pia nililivuruga, usiku mmoja mrefu
meli ilipochelewa kushusha. Herufi tano.
Jibu lilikuja upesi mno.
Sikumwambia.

Kisha ikaja barua ya uhamisho.
"Ukiikoroga *kusaini* unapata Kisauni," akasema,
akasaini, asiseme anapelekwa wapi.
Siku hiyo dakika kumi zilikuwa tisa.

Gazeti aliloniachia lilikuwa limejaa lote,
hata ile MAUTI, kwa mwandiko wake mdogo.
Ukingoni kachora miraba sita kwa rula:
*Likoni imevurugika: mahali pangu.*

Likoni ni lini haikuvurugika?
Nilidhani anaisema foleni, honi, kivuko kibovu.
Nikajaribu KILINO. Nikajaribu NOKILI.
Siku tatu nzima, na muhuri mara mbili
niliugonga juu chini.

Usiku wa nne dereva akapiga kelele gizani:
"Karani! Uko wapi?"
Nikamjibu bila kuwaza,
"Si hapa hapa niliko?"

Penseli ikaniponyoka.
Lori likasimama juu ya mizani, injini inanguruma,
nami nahesabu kwa vidole
kama mtoto wa chuo.

Sikuiokota. Nilimwomba dereva kalamu yake ya wino,
nikajaza, herufi ya mwisho ikatoka nje ya mraba.
Likoni. Niliko. Swali na jibu mtaa mmoja,
na mimi natafuta kamusi.

Karani mpya alipofika na dakika zake kumi
nilimpa mbili.
Sijui nyumba, wala sijui
kama mezani pake pana mkono mwingine unaoshika penseli.
Gazeti nimelikunja, liko kwapani.
Akiniuliza habari, nitasema imechafuka.
Akiniuliza kama ni uzima tu,
nitanyamaza kidogo, nimwache ahesabu.